Mgonjwa Asiyetazamiwa Kupona: Tuombe Huduma ya Nyumbani Wakati Gani?



Katika nyumba nyingi za Bangwe liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba au kando ya jiko, ili mgonjwa aliyelala chumbani asilisikie. Swali lenyewe ni hili: tumrudishe tena hospitali, au sasa tubaki naye hapa nyumbani? Anayeuliza mara nyingi ni mke au binti, yaani yule aliyekesha. Anayejibu mara nyingi ni mjomba au kaka mkubwa aliyefika jana kutoka Kasulu au Dar es Salaam, naye hujibu kwa haraka kwamba ni lazima mgonjwa apelekwe mbele, maana asipopelekwa watu watasema familia imemtupa.

Msomaji aliyezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikinena juu ya mipaka ya mashamba, uchaguzi na haki za wafungwa huenda akashangaa kuiona leo imeketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini na atazame ni mambo gani huamuliwa katika kikao kile cha nyuma ya nyumba: mtumbwi wa nani uuzwe, binti yupi aache shule amwuguze bibi, nani ashike fedha, na kama mgonjwa mwenyewe ataambiwa au hataambiwa. Hayo yote ni mambo ya haki. Na lililo zito kupita yote ni kwamba mtu mmoja katika nyumba hiyo anaumia usiku na mchana, ilhali dawa ya kumtuliza imejulikana tangu zamani, na hakuna aliyekwenda kuiomba.

Tuchukue mfano wa mzee mvuvi ambaye angeweza kuwa baba wa yeyote kati yetu. Ana umri wa miaka 64. Alianza kukwamwa na ugali kooni. Akanunua dawa dukani, akaenda kwa mganga, akapunguza tonge, mwishowe akabaki na uji peke yake. Alipofika hospitali ya mkoa, Maweni, alipewa barua ya kwenda Bugando. Familia ikauza mashine ya mtumbwi. Huko Mwanza alipimwa, na daktari akawaambia wanawe kwamba ni saratani ya mrija wa chakula, nayo imekwisha kuenea. Kuiondoa haiwezekani tena. Wana hawakukubali. Wakarudi, wakauza mtumbwi wenyewe na nyavu, wakampandisha mzee garimoshi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,200, mtu asiyeweza hata kumeza mate yake. Huko nako wakaambiwa maneno yale yale. Mzee akarudi Bangwe akiwa amebakiwa na majuma machache ya kuishi, na nyumba haina tena chombo cha kuipatia chakula.

Hatusemi kwamba safari ya kwanza ilikuwa kosa. Ilikuwa ya lazima, na ingefaa ifanyike mapema zaidi. Yako magonjwa mengi yanayopona yakiwahiwa. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, hutibika vizuri ikigunduliwa mwanzoni, na msiba wetu ni kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa saratani hufika hospitali wakiwa katika hatua ya 3 au ya 4. Kila mtu anastahili kupimwa na kuambiwa ukweli wa ugonjwa wake. Safari tunayoitilia shaka ni ile ya pili, iliyofanywa baada ya jibu kupatikana, kwa ajili ya kuwanyamazisha majirani. Katika siku zote zile, kati ya Mwanza na Dar es Salaam, hakuna aliyemwuliza daktari swali moja rahisi: je, baba atalalaje usiku?

Swali hilo ndilo mwanzo wa huduma tunayoinena hapa, ambayo wataalamu wa nchi yetu huiita tiba shufaa, na nyumba au chama kinachoitoa huitwa hospisi. Shabaha yake si kuufukuza ugonjwa, bali kumpa raha mtu mwenye ugonjwa: kuyatuliza maumivu, kutapika, kukosa pumzi na harufu ya vidonda, na pamoja na hayo kushughulikia hofu yake, madeni yake na ugomvi wake na ndugu. Daktari Cicely Saunders, ambaye kabla ya udaktari alikuwa muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, naye alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa mara moja. Ukitibu moja na kuacha mengine, hujamtibu. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala. Kwetu Tanzania, Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha PASADA mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye UKIMWI, wakati ambapo dawa za kuwarefushia maisha hazikuwapo na kazi kubwa ilikuwa kuwafuata majumbani. Ndugu zetu Walutheri wa Selian, Arusha, walianza huduma ya hospisi mwaka 1999.

Yafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya kazi ya hao wote haifanyiki katika jengo. Hufanyika juu ya mkeka wa mgonjwa mwenyewe. Muuguzi hufika na mfuko wake, hukaa kigodani, humwuliza mgonjwa amelalaje, humfundisha binti jinsi ya kumgeuza mama yake kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, huacha dawa ya juma moja au mbili, huenda zake, na hurudi.

Basi, tuiombe wakati gani? Jibu letu ni kwamba tuiombe mapema kuliko tunavyodhani. Na hapa tuna mfano wetu wenyewe wa kujifunza. Wazee wetu waliuita ule Mpako mtakatifu Mpako wa Mwisho, wakamwita padri wakati mgonjwa hajitambui tena, hata watoto wakawa wakilia mara wamwonapo padri akiingia na mafuta. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza kwamba ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake unaofaa huwa umekwisha kufika pale mtu anapoanza tu kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Imepita miaka zaidi ya 60, na bado katika jumuiya zetu padri huitwa usiku wa manane, mgonjwa akiwa amekwisha kukata kauli. Kosa lile lile tunalifanya kwa muuguzi wa tiba shufaa.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani, ambako bima ya serikali kwa wazee hulipia hospisi tangu miaka ya 1980, kanuni ni kwamba madaktari wathibitishe kuwa mgonjwa hatarajiwi kupita miezi 6, na mgonjwa mwenyewe akubali kuacha matibabu ya kuuondoa ugonjwa. Pamoja na miezi yote hiyo 6 kuwa halali yao, nusu ya wagonjwa hupata huduma hiyo kwa muda usiofika majuma 3. Wao nao humwita muuguzi mlangoni pa kaburi. Kanuni ile ya miezi 6 imetokana na mambo ya fedha, wala hatuna sababu ya kuiiga. Shirika la Afya Duniani hushauri huduma ya kutuliza ianze mapema katika ugonjwa, sambamba na matibabu mengine. Mgonjwa anaweza kupata mionzi au dawa za saratani, na wakati huo huo akatulizwa maumivu. Kuomba moja si kulikataa la pili.

Wako wanaohofu kwamba kukubali huduma hii ni kuharakisha kifo. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu yao walipewa matibabu ya kawaida, na nusu wakapewa matibabu hayo hayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Hawa wa pili walikuwa na huzuni kidogo zaidi, walisumbuliwa kidogo zaidi na matibabu makali ya mwisho, na juu ya hayo waliishi muda mrefu zaidi, kwa wastani miezi zaidi ya 11 dhidi ya miezi 9 hivi. Mtu anayelala usiku na kula mchana hudumu kuliko asiyelala.

Kwa familia isiyo na daktari wa kuishauri kila siku, tungependa kutaja dalili chache ambazo zikionekana haifai kungoja tena. Mgonjwa amelazwa mara mbili au tatu katika miezi michache kwa ugonjwa ule ule, na kila akirudi ana nguvu pungufu kuliko mara iliyotangulia. Nguo zinampwaya. Sehemu kubwa ya mchana yuko kitandani. Maumivu yanamwamsha usiku, na vidonge vya dukani havimsaidii. Au mgonjwa mwenyewe amesema kwamba amechoka na safari. Neno hili huwa tunalipuuza tukidhani ni kukata tamaa, kumbe pengine ndilo neno la busara kuliko yote yaliyosemwa katika nyumba hiyo. Liko pia swali ambalo madaktari wenyewe hujiuliza, nasi tunaweza kuwauliza kwa heshima: "Daktari, je, utashangaa ukisikia kwamba mgonjwa wetu amefariki kabla ya mwaka kwisha?" Akisema hatashangaa, basi wakati umefika. Asitafutwe daktari mwingine wa kutoa jibu tamu zaidi.

Tuseme sasa juu ya dawa, maana hapa ndipo penye mateso mengi yasiyo ya lazima. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba maumivu ya saratani yapandiwe ngazi: kwanza dawa kama parasetamoli, zisipotosha, kodeini, na zisipotosha, mofini. Mofini ya maji hunywewa. Haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Unga wake huchanganywa na maji kwa vipimo, na mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa na si kwa kungoja maumivu yarudi. Siku za kwanza huweza kuleta usingizi na kichefuchefu, navyo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo sharti itolewe pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Si dawa ya bei kubwa. Kwa miaka mingi katika nchi yetu imekuwa ikitengenezwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Uganda ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2004 iliibadilisha sheria yake ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuiandika, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Hata hivyo, duniani kote, katika kila watu 7 wanaohitaji tiba shufaa ni mmoja tu anayeipata, na walio wengi kati ya wasioipata wako katika nchi kama zetu.

Tumesikia waamini wakiuliza kama ni dhambi kumpa mgonjwa dawa kali ambayo pengine itampunguzia siku. Papa Pius XII aliulizwa swali hili na madaktari, akalijibu tarehe 24 Februari 1957: ni halali kuyatuliza maumivu kwa dawa, hata ikiwa huenda zikafupisha maisha, mradi nia ni kutuliza na si kuua, wala hakuna njia nyingine. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo, tena yaihesabu huduma ya kutuliza kuwa ni tendo la upendo. Yafundisha pia kwamba si lazima kushikilia matibabu mazito yasiyolingana na faida yake. Kumwua mgonjwa ni jambo jingine kabisa, nalo Kanisa limelikataa daima. Mofini iliyopimwa sawasawa, tena, haiui. Aliyezoea kuihofu na amwulize muuguzi, asimwulize jirani.

Limebaki jambo la kumwambia mgonjwa ukweli, na juu ya hili hata ndani ya Tume hatukuwa na nia moja. Wako waliosema kwamba kwa desturi yetu mtu hatangaziwi kifo chake, na kwamba neno likitoka huvunja moyo. Tunaiheshimu hofu hiyo. Lakini tumeona pia kwamba mgonjwa karibu daima anajua. Anauona mwili wake, anawasikia watu wakinyamaza aingiapo. Asipoambiwa kitu, hubaki peke yake na ujuzi wake. Njia tunayoishauri ni kumwachia mlango wazi: mtu mmoja anayempenda akae naye na kumwuliza, "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Kuna jambo ungependa kujua?" Akitaka kujua, aambiwe kwa upole na bila uongo. Asipotaka, asilazimishwe. Mtu aliyeambiwa mapema anaweza kumwita ndugu waliyekosana, kueleza deni lake kwa mwenye chombo, kuungama akiwa na akili timamu, na kuandika wosia.

Wosia huo tunautaja kwa makusudi. Mara nyingi fedha za safari ya pili hupatikana kwa kuuza kile ambacho mjane na watoto wangekitegemea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Ndugu wa mume hawana mamlaka ya kumzidi mke katika hilo, hata wakisema ni kwa ajili ya matibabu. Viongozi wa jumuiya wanaoitwa katika vikao vya namna hiyo wasikae kimya kwa kuogopa kuitwa wachochezi.

Na mzigo wa kuuguza ni wa nani? Tukubali ukweli: ni wa wanawake. Wavuvi wetu hutoka jioni na karabai na taa zao, hurudi alfajiri, hulala mchana. Na anayebaki na mgonjwa usiku ni mama, ambaye asubuhi anatakiwa akaanike dagaa. Lakini kila mwezi kuna siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliki vizuri na mitumbwi hupumzika. Siku hizo wanaume wako nyumbani, tena wamezoea kukesha. Kwa nini jumuiya isipange kwamba usiku wa mbalamwezi zamu ya mgonjwa ni ya wanaume? Kumgeuza mtu mzima, kumbeba hadi uani, kumnywesha dawa saa 8 za usiku, hakuna hata moja kati ya hizo kazi inayomhitaji mwanamke. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji, walitaka pawe na Kanisa linalotosha kuingia chumbani kwa jirani. Na jirani huyo, hapa Bangwe na Ujiji, mara nyingi ni Mwislamu. Maumivu yake ni yale yale, na zamu iwe ile ile.

Isidhaniwe kwamba nyumbani ndipo mahali pema siku zote. Iko nyumba isiyo na mtu wa kukesha. Uko ugonjwa unaotoa damu nyingi ghafla. Mgonjwa aliyekuwa akitembea, akapoteza nguvu za miguu kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali upesi, maana pengine uti wa mgongo umebanwa na bado kuna la kufanya. Maumivu yasiyoshikika kwa dawa zilizopo nayo ni sababu ya kurudi wodini. Aliyerudishwa hospitali hajaonewa, wala familia yake haijashindwa.

Tunawaomba viongozi wa kila jumuiya wafanye mambo mawili kabla ya mkutano ujao wa walei. Kwanza, waandike majina ya wauguzi na wakunga wastaafu wanaoishi katika eneo lao, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, na wawaulize kama wako tayari kutembelea wagonjwa. Pili, wajumbe wachache waende Maweni, na wale walio karibu na Kasulu waende Kabanga, wakaulize kwa adabu na kuandika majibu: ni nani hapa amefunzwa tiba shufaa? Mofini ya maji ipo leo? Isipokuwapo, ni nani mwenye kibali cha kuiagiza, na ameiagiza lini mara ya mwisho? Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba huduma hii iingizwe katika mfumo wa afya wa kila nchi, kwa hiyo anayeuliza maswali hayo hatafuti upendeleo. Majibu yaletwe kwa katibu wa Tume hata yakiwa mafupi, yakiandikwa pamoja na tarehe na cheo cha aliyeyatoa.